Kiraka Begani mwa Mwanasesere

Nyumbani,
Chumba cha nyuma,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mdogo Wangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, pamoja na Shemeji na wapwa zangu, na kwamba kifua cha yule wa mwisho kimetulia. Mimi sijambo, goti la kushoto tu ndilo linalonitajia umri wangu kila nipandapo ngazi.

Nyumba ni kimya tangu tumzike Mama. Bado nakohoa kidogo kabla ya kuingia sebuleni, nisimshtue mtu, ilhali hayupo wa kushtuka.

Sasa swali lako. Uliandika kwamba iwapo mwanasesere niliyemkuta katika droo ya cherehani ya Mama ndiye yule aliyekushonea Bibi, utafunga safari uje umchukue mwenyewe. Na kama siye, nimtume kwa posta. Nimemchunguza kwa siku nne, kwa utaratibu uleule nilioufuata miaka thelathini na moja katika ghala la nguo la makumbusho.

Kwa kumtazama tu, ni yeye: urefu wa shibiri moja na vidole viwili, nywele za sufu nyeusi, mdomo wa uzi mwekundu, na begani kile kiraka cha pembe tatu, pale ulipomkwamisha kwenye msumari wa mlango. Niliandika daftarini, "Kazi ya Bibi", nikaenda kufagia chumba chako. Lilikuwa kosa ambalo nisingemsamehe msaidizi wangu yeyote: nilihitimisha kabla ya kutazama upande wa ndani.

Mishono ndiyo iliyonirudisha mezani. Bibi alishonea mkono wa kulia. Mishono ya huyu imelalia upande mwingine, kama ilivyolala ya Mama, aliyeshonea kushoto.

Nilimpeleka kwa fundi cherehani wa jirani, yule tunayemwita Miwani.

"Profesa, umeniletea mgonjwa au maiti?" aliuliza, maana nilikuwa nimemviringishia shuka. Akafumua nyuzi tano za kiraka, akainamia taa. "Hapa chini hapajawahi kuchanika. Huyu kafungwa bandeji na hajaumia."

Tukafungua mshono wa mgongoni. Ndani alijazwa vipande vya shati langu la mistari, lile nililoanzia kazi. Nilipoanza kazi, wewe ulikuwa umeshakaa miaka miwili huko uliko, na Bibi alikuwa na miaka kumi na mitano kaburini.

Kwa hiyo mwanasesere huyu alishonwa na Mama, kwa kumbukumbu, baada ya wewe kuondoka. Hata jeraha lake alilikumbuka mahali pake.

Wa Bibi nilimpoteza mimi. Miaka michache tangu uondoke, nilisafisha chumba chako, nikampa fundi wa magari gunia la matambara bila kulikagua. Jioni Mama aliuliza gunia liko wapi. Nilipomjibu, alisema tu, "Haya, nenda ukale." Hakunilaumu siku ile wala nyingine yoyote, na naona wewe hakukuambia. Nami sikujua kilichokuwamo hadi juzi, kwa Miwani.

Ningeweza kunyamaza. Nakiri kwamba nililipima jambo hilo kwa siku mbili nzima, kwa sababu ungekuja. Lakini ungemkumbatia mbele yangu, ukamwita wa Bibi, nami ningelazimika kutazama pembeni kwa muda wote wa ziara yako.

Si wa Bibi. Boksi la posta ninalo, na anwani yako nimekwisha kuiandika juu yake. Sijalifunga. Nitasubiri neno lako hadi mwisho wa mwezi, kisha nitafanya kama ulivyoagiza.

Nisalimie Shemeji, na uwabusu wapwa zangu kwa niaba yangu. Mama Mdogo anakusalimu. Anataka kujua kama umenenepa, na anasisitiza ujibu kwa picha. Mungu akutunze huko uliko, na akupe usingizi mtulivu.

Ni mimi, akupendaye kuliko anavyojua kusema,

Kaka yako.