Nafasi Tupu Katika Madaftari Yako

Kamwene, Baba.

Ni mimi Yustina, mwanao, na nakuandikia nikiwa na hasira. Ulituacha mwezi wa pili, sasa ni wa tisa, na kila anayekutaja anamtaja na Rehema. Yule mtafiti aliyekuja hapa Igowole na wenzake, mmoja wa hali ya hewa, mwingine wa kilimo, yeye wa mambo ya jamii, kuuliza mvua inavyobadilika na watu wanavyoishi nayo. Misimu miwili mlikaa naye jikoni mkifunua madaftari yako ya mvua, mimi nachemsha viazi pembeni. Hukuwahi kunikalisha hivyo.

Mwezi uliopita walituita Mbeya kwenye mkutano wao. Ukurasa wa daftari lako ulionyeshwa ukutani, mkubwa kama shuka, na mwandiko wako ule wa kulalia kushoto. Rehema akasimama, akasema, "Huyu alikuwa baba yangu wa Igowole." Akalia. Ukumbi mzima ukamwonea huruma. Binti uliyemzaa nilikuwa mstari wa tatu, mkoba mapajani, hakuna aliyenigeukia. Alilia vizuri kuliko nilivyolia mimi kaburini kwako. Nilimchukia, Baba.

Wakati wa chai akaja kukaa karibu yangu na nakala ya daftari. "Dada Yustina, siku zisizo na mvua mzee ameandika sifuri. Na hizi alizoacha tupu? Nazo zilikuwa kavu?"

Nilifurahi, Baba. Kumbe hukumwambia! Anajua jina la bibi, anajua kwa nini uliacha kulima pareto, anajua mambo ambayo mimi niliyasikia kwake, lakini hilo halijui. Nilikuwa darasa la pili, nimeshika rula, nakimbilia kopo la mvua pale uani, ukaniita: "Yustina, acha. Leo kuna msiba kwa jirani. Kopo nalo lipumzike." Siku ya msiba hakuna anayeshika jembe kijijini, na wewe hukupima mvua. Hukuona haja ya kumweleza mtu. Nani hapa asiyejua?

Ningemwambia, angekuwa nalo na hilo. Nikamjibu, "Ndiyo, zilikuwa kavu." Nikamalizia chai yangu.

Wiki iliyopita Rehema alituma kalenda ya kupanda, waliyoitoa kwenye madaftari yako, ibandikwe ofisi ya kijiji. Inasema mvua za kwanza zikishapita hufuata ukame, kwa hiyo watu wasubiri. Ukame gani, Baba? Ni nafasi tupu za ile miaka tuliyokuwa tukizika karibu kila wiki, Novemba mpaka Krismasi, na mvua inatupiga makaburini. Watu wakichelewa hivyo, jalidi, ile baridi ya kuganda ya mwezi wa sita, itayakuta mahindi mabichi na kuyaunguza yote. Na chini ya kalenda wameandika jina lako. Mama Tuli, jirani yetu, ameisoma, akaniambia, "Kama ni maneno ya mzee, mimi nasubiri." Nilishindwa hata kumwangalia usoni.

Kesho asubuhi nashuka Nyololo kupanda basi la Mbeya. Kalenda nimeibandua, ninayo mkobani. Nitamwambia Rehema kwamba nilimdanganya, na sababu nitamwambia, ingawa naona aibu. Kisha nitamsomea zile nafasi tupu moja moja. Hii ni babu. Hii ni mwalimu wangu wa darasa la nne. Hizi nne mfululizo ni mama. Wewe na mimi tu ndio tungeweza kuzisoma, na sasa nampa yeye. Usidhani wivu umeisha. Akilia tena nitampa leso yangu, lakini nitauma meno.

Pumzika, Baba. Kopo lako liko pale pale, kila saa moja asubuhi nalitazama, na nakuahidi sitaacha. Ila zile siku tatu za msiba wako nimeziacha tupu. Ilinyesha kweli kweli, ikabidi tuchote maji kaburini kwanza ndipo tukakulaza. Na hilo nitamwambia, kesho.

Mwanao,
Yustina