Siagi Ndani ya Majani ya Mgomba

Kamembe, Rusizi
16 Februari 2025

Mpendwa Mama Mdogo Mukarugwiza,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Lubumbashi, wewe na Baba Mdogo Ndizeye. Na goti lako je, bado linakusumbua kila mvua ikinyesha? Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Papa anaendelea kupiga vigae kwenye nyumba za watu. Mgongo unamuuma, lakini hataki kusikia habari ya kupumzika. Maman, dada yako, ni yule yule: chapati zake zinaisha kabla ya adhuhuri, na ulimi wake bado una pilipili.

Uliniuliza kama chuo cha upishi kinanifaa. Kinanifaa sana, ila msimamo wa dada yako unaujua. Tangu nijiandikishe wimbo wake ni mmoja, kwamba kupika hakusomewi, kunaonwa jikoni kwa mama. Akisema hivyo nacheka, lakini moyoni naumia, maana najua anahisi nimemdharau.

Mwezi uliopita mwalimu wetu, Mzee Gratien, alitupa mtihani. Kila mmoja atengeneze nyumbani kwao feyete za chumvi, vile vitafunio vya unga wa tabaka tabaka, avilete chuoni Jumanne kabla ya saa sita. Wawili bora wangepelekwa staji, yaani mazoezi ya kazi, kwenye hoteli moja ya kando ya ziwa. Tuko kumi na tisa. Nafasi hiyo niliitaka kuliko kitu chochote.

Siri ya unga huo, Mama Mdogo, ni baridi. Unaifunga siagi ndani ya unga, unasukuma, unakunja, unaupumzisha, kisha unarudia tena na tena. Siagi ikiyeyuka, umekwisha. Friji hatuna, basi Jumatatu nikaufunga unga wangu vizuri, nikauweka juu ya beseni la maji baridi, nikaenda sokoni kutafuta sambaza, wale dagaa wa kisiwa cha Nkombo, wa kujazia.

Niliporudi, unga haukuwepo juu ya beseni. Maman alikuwa ameuona unga, mgumu, wenye mabonge ya siagi, akanionea huruma akidhani nimeshindwa kukanda. Akaukanda mwenyewe kwa maji ya vuguvugu mpaka ukalainika kabisa, kisha akauweka kando ya mbabula, jiko letu la makaa, ili uzidi kulegea, kama afanyavyo unga wake wa chapati. Alinionyesha huku anatabasamu. Mimi nililia, nikisema unga ule ulitaka baridi. Siagi yote niliyokuwa nayo ilikuwa imeyeyuka humo.

Sikumvunjia heshima, ila nilisema neno ninalolijutia hadi leo, kwamba haya si mambo ya chapati. Maman alinawa mikono, akajifunga kitenge, akatoka. Ule unga niliukaanga tu, ningefanya nini. Papa akala vipande vinne na kutangaza kwamba tangu azaliwe hajaonja chapati tamu kama ile.

Maman alirudi saa kumi. Alikuwa amekwenda kwa miguu hadi Gihundwe, kwa Maman Uwamariya anayeoka keki za harusi. Kikapuni kulikuwa na siagi, imefungwa kwa majani mabichi ya mgomba, imezungushiwa barafu, na juu yake kitambaa kilicholowa. Katika kilio changu chote alikuwa ameokota neno moja tu, baridi, na hilo alilishika. Hakuomba radhi, wala mimi sikuomba. Alisema tu:

"Kesho utanionyesha vile banaikunja. Mimi nitanyamaza."

Tulianza mara baada ya swala ya alfajiri, hewa ikiwa bado baridi. Papa alitupa kigae kikubwa kilichobaki kazini kwake. Nikakiosha, nikasukumia unga juu yake kwa chupa. Kunyamaza Maman hakunyamaza, hilo unalijua bila kuambiwa. Lakini oveni hatuna, ilibidi tuoke kwenye sufuria, moto juu na chini, na hapo nilibaki kutazama. Maman alikuwa anaweka kiganja juu ya makaa, anatulia kidogo, anaondoa mawili, anarudisha moja. Tulipofunua, feyete zilikuwa zimepanda vidole vitatu. Tulikumbatiana na mikono yetu ya unga.

Chuoni, Mzee Gratien alivunja moja, akazitazama tabaka zake, akauliza nimeoka kwenye oveni ya aina gani. Nikamwambia ni sufuria na mkono wa Maman. Akachukua ya pili. Juzi majina yalitoka, na langu limo. Nitaanza baada ya Idi.

Nilipompa Maman habari hizo alisema Alhamdulillahi, akaendelea kusukuma chapati zake. Nilisononeka kidogo, sikufichi. Ila leo asubuhi nimeamshwa na mlio wa chupa juu ya kigae. Nimemkuta jikoni peke yake, unga mbele yake, siagi kwenye majani ya mgomba. Hakugeuka.

"Kuja uangalie kama baridi imetosha," akaniambia.

Msalimie sana Baba Mdogo Ndizeye na dada Umuhire. Papa na kaka Hamdani wanakusalimu. Maman anasema ukija atakupikia feyete, na usithubutu kumkosoa. Mungu alitulize goti lako na atukutanishe tukiwa wazima.

Mwanao akupendaye kwa moyo wote,
Umuhoza