Rafu ya Maziwa ya Kopo

Jumatatu, 7 Julai
Baridi ya Uyole leo haina adabu. Nimefungua magunia, nimeuza mchele madebe mawili, nimefunga mapema kwenda mjini. Kopo la maziwa tulilopewa hospitali limeisha. Supamaketi aina ile hawana. Badala yake rafu nzima: la bluu, la dhahabu, lenye dubu, lenye nyota. Yote ya watoto wachanga. Nimesimama mpaka miguu ikafa ganzi. Mwanaisha ndiye aliyekuwa anachagua vitu, kabla hajafariki akimzaa Rehema. Mimi nilikuwa namsubiri nje, nanung'unika kwamba anachelewa. Nimechukua la bluu. Sijui kwa nini.

Jumatano, 9 Julai
Analia. Dada yangu Zuhura, anayenisaidia kulea, anasema ni gesi tu, itapita. Mimi naona nimekosea kopo. Nimerudi mjini. Mhudumu kaniambia, "Yote mazuri baba, ni wewe tu na roho yako." Roho yangu haijui kitu. La dhahabu.

Alhamisi, 10 Julai
Bado. Nimeyaonja yote mawili, kama wateja wangu wanavyotafuna punje kabla ya kununua. La bluu tamu. La dhahabu zito. Halafu? Nimeongeza lenye dubu. Naichukia ile rafu. Najichukia zaidi mimi.

Ijumaa, 11 Julai
Akili imenijia nikiwa dukani. Mchele wa Kyela unanukia, wa Usangu unavimba. Nachanganya, na wateja wanarudi. Basi nimechanganya na maziwa. Makopo matatu, kijiko kijiko, kila moja litoe uzuri wake. Zuhura akaguna. Nikamwambia mtoto ni wangu. Rehema kamaliza chupa nzima. Nimekwenda kuswali moyo mweupe.

Jumapili, 13 Julai
Anaharisha. Macho yameingia ndani. Halii tena. Wiki nzima nimeomba anyamaze, sasa naomba alie. Ya Rabi, na huyu usinichukulie. Tunakwenda hospitali.

Jumatatu, 14 Julai
Wamemlaza. Dripu kwenye mkono ule mdogo, sikuweza kuangalia. Nesi kauliza anakunywa nini. Nikamweleza yote, mpaka habari za Kyela na Usangu. Akaweka kalamu chini.
"Huyu siyo mchele, baba. Lile la bluu lilikuwa na shida gani?"
"Alikuwa analia."
"Watoto wachanga wanalia."
Amesema nishike moja, nipime kwa kijiko chake, nisihamehame. Nimetoka nje ya wodi nikalia kama mtoto. Kwa ujinga wangu ningemzika.

Alhamisi, 17 Julai
Ameruhusiwa. Njia nzima kutoka hospitali amelia. Zuhura anacheka, mimi nacheka.

Ijumaa, 25 Julai
Leo kuna kajua kidogo. Mchana Rehema alilia, nikambeba tukazunguka uani mpaka gesi ikatoka. Baadaye mjini. Nimechukua la bluu, nimelipa, nimetoka. Mengine sikuyaangalia.
Nje nikajikuta nimesimama pale kwenye nguzo nilipokuwa namsubiri Mwanaisha. Nikaendelea kusimama. Watu wanatoka na mifuko yao. Leo angechelewa hata mpaka magharibi, nisingesema neno.
Kisha nikaita bajaji. Chupa ya jioni ilikuwa inanisubiri.