Bi Mkali na Kijiko cha Dirishani

Kwako mpwa wangu,

Pokea salamu tele, kama maji yanayovuja kwenye bomba lililofungwa na fundi asiye mimi. Hali yako sina shaka nayo, ukoo wetu haujui kuugua. Mimi ni chuma, ila goti moja limeota kutu.

Uliniandikia una hofu: Bi Mkali, mti wa marehemu mama yako, anapukutika majani, na akikauka baba yako hatakuwa na sababu ya kutoka nje. Umemwandikia mtu hasa. Mimi niliwahi kufufua mlimau uliokuwa umeshachongwa mguu wa meza. Ukachipua, tukawa tunakula huku tunachuma.

Nilimkuta Bi Mkali kama kuku aliyenyonyolewa. Unakumbuka mpira ulipomwangukia? Nyote mlikimbia ile miiba, akaenda mama yako, dada yangu, mkono kauviringisha taulo la jikoni, akawaonya tena kuwa vitunda vyake vyekundu haviliwi.

Jirani mshona viatu akasema mti una kiu. Nikamwambia akashone viatu. Nikakwangua tawi kwa ukucha, ndani kijani. Nikachimba kwa kidole: tope, linanuka kama karo lililoziba. Kumbe mgonjwa anazama! Nikachimba mfereji, nikachanganya mchanga kwenye udongo, nikapogoa vitawi vikavu, nikautangazia mtaa kuwa amepona. Siku chache baadaye, tope lile lile.

Jioni nikajibanza jikoni nimkamate adui yangu. Akaja baba yako na kopo la kumwagilia. Anamwaga, macho kwenye dirisha la jikoni. Likaisha, akajaza tena, macho dirishani. Nikatoka nikamuuliza shemeji kama anafuga samaki. Hakucheka. Alisema kipimo hajawahi kukijua. Tangu mti upandwe, mkewe alikuwa akigonga kioo kwa kijiko maji yakitosha. Siku hizi anamwaga tu, anasubiri.

Mpwa wangu, mdomo wangu huu unaujua.

Sasa nikwambie jambo ambalo mtaani sijamwambia mtu. Kesho yake nilisimama kwenye sinki la dada yangu, pale dirishani, na kijiko. Udongo ulipokolea rangi kwa maji, nikagonga kioo mara mbili. Baba yako akaganda, kopo mkononi. Hakugeuka. Kisha akaliweka chini polepole, akasema haya, amesikia.

Tangu hapo nagonga kila jioni. Kuna siku nagonga kabla hajainamisha kopo, analalamika kuwa dada yangu hakuwa mchoyo hivi. Na Bi Mkali ametoa majani mapya, laini, hata miiba bado haijajua kuchoma.

Ukija likizo, kijiko kiko kwenye ndoano ya kushoto. Kwa kugonga hakuna anayenishinda, ila nadhani shemeji angependa kusikia mkono wako.

Wasalimie wenzako wote. Baba yako anakusalimu, na safari hii kaniagiza mwenyewe.

Ni mimi mjomba wako,
Mfalme wa Mabomba