Gari Lililosubiri Baridi ya Juni

Mama Sekela,

Nimelinunua. Ile Vitz nyeupe ya fundi Simkoko kule Tunduma, uliyoingia ukanyoosha miguu yako iliyovimba, ukasema, "Mwalimu, hapa nimefika." Nami nikakuambia utoke kwanza, hatujaipima.

Nilikueleza siku ile, ukanisikiliza kama ulivyonisikiliza maisha yote. Nilisema mchana wa Tunduma kila gari linawaka. Gari bovu hujulikana alfajiri ya Juni huku kwetu Ihanda, oili ikiwa nzito na betri dhaifu haina pa kujificha. Basi, tusubiri baridi. Simkoko akacheka: "Mwalimu, shikamoo! Wenzako hupima gari kwa kuliendesha, wewe unalipima kwa kalenda?" Ukamjibu wewe: "Mwache, mwanangu. Mimi mwenyewe alinichunguza miaka mitatu ndipo akaleta barua ya posa."

Ilikuwa Machi. Daktari wa Mbeya alishasema moyo wako umetanuka, uende kila baada ya wiki mbili. Tukaendelea kusubiri basi barabarani.

Asubuhi ile ya Aprili mabasi mawili yalipita yamejaa. Ulikaa juu ya begi, ukaegemea goti langu. Nilidhani umesinzia. Nilikuwa nakueleza jambo fulani, mama, na mpaka leo silikumbuki.

Juni ilipofika, Simkoko alikuja kulilaza gari uani kwetu, kama tulivyopatana. Kulipokucha nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Nikazungusha funguo mara moja tu, likawaka. Simkoko akapiga makofi. Mimi nikazima, nikabaki nimekaa, mikono kwenye usukani.

Lilikuwa zima. Lilikuwa zima tangu Machi.

Binti yetu Sekela ananiambia ni mipango ya Mungu, na mimi naitikia, kwa sababu naye ana uchungu wake. Kwako siwezi kujificha. Ulitaka kufika hospitali umekaa. Mimi nilitaka kwanza kuwa na hakika.

Nimewaambia majirani kwamba mgonjwa asisimame tena barabarani. Waje wagonge. Juzi alikuja mama mjamzito na mumewe. Mume akaanza kunisimulia tangu mwanzo, nikamkatisha. Mimi, Mama Sekela, nilimkatisha mtu maelezo! Tukaondoka.

Pumzika, mke wangu. Nakuahidi hivi: akija mtu kugonga, sitauliza wala sitaeleza kitu. Nitachukua funguo.

Mwalimu wako