Embe Kavu ya Naserian

Kamau wa maitu, ndugu yangu wa tumbo moja,

Sungura wako Naserian yuko hai. Naanza na hiyo kwa sababu najua ungeniuliza yeye kwanza, kabla hata ya mama. Mguu wa nyuma uliopigwa jiwe haukupona vizuri, lakini anaruka. Siku walikuua hapa Kitengela, Naserian alikuwa ndani ya gunia, unampeleka kwa daktari wa mifugo amwangalie meno. Gunia likacheza, na mtu mmoja akapiga nduru: mwizi wa kuku! Hakuna hata mmoja alikuambia ufungue waone. Walikupiga na mawe ya kwari, Kamau, mawe labda ulichonga na mikono yako mwenyewe kule machimboni. Nilikukuta umelalia lile gunia, na uso sikuujua. Naandika hii nikiwa nimeuma meno.

Mfukoni ulikuwa na kipande cha embe kavu, umekifunga na gazeti. Kadogo, saizi ya ukucha. Zawadi yake ya kuvumilia daktari. Si nilikuwa nakucheka na huo ubahili wako! Na wewe unanijibu, "Onjesha, usilishe." Ati tunda likikauka, sukari yote inajazana pale, na tumbo la sungura haliwezani nayo. Chakula chake ni nyasi kavu na maji. Embe ni ya kuonja mara moja moja, isiwe imepakwa sukari, isiwe na mbegu. Nilikuwa naona ni maringo tu.

Sasa sikia. Aliyepiga ile nduru ni Baba Sharon, jirani wetu muuza makaa. Mtaa mzima unajua, na polisi wakija kila mtu anasema hakuwa hapo. Juzi alikuja na pakiti ya embe kavu ya duka, ile nyeupe kwa sukari. Mimi nilikuwa nyuma naanika nguo. Kurudi, nampata amemwaga pakiti yote kwa kizimba, amechuchumaa analia, ati amemletea mnyama wa marehemu kitu tamu. Nilimfukuza na fagio.

Asubuhi Naserian alikuwa amejikunja kwa kona. Tumbo gumu, nyasi hataki, mavi hakuna, anasaga meno kwa uchungu. Daktari akamdunga sindano, akasema matumbo yamesimama, tungoje tu. Kungoja! Nikaona huyu mtu amekuua mara ya pili.

Nilichukua nyundo yako ya kwari nikavuka barabara. Nilianza na debe lake la kupimia makaa, nikalipiga mpaka likalala kama chapati. Nikavunja meza. Nikavunja mlango. Akaanguka magotini kwa vumbi la makaa, mikono juu ya kichwa. Watu wakatoka, Kamau, wale wale waliokuua. Walikuwa wameshaokota mawe. Neno moja tu kutoka kwangu, lile lile lao, na angekwisha. Na nilitaka! Walai nilitaka, nilitaka Mama Sharon amkute vile nilikukuta.

Lakini hakuna mmoja aliuliza amefanya nini. Hata mmoja! Macho yanawaka tu, wananingoja mimi nifungue mdomo. Vile vile hawakukuuliza wewe. Nikawageukia na nyundo, nikawaambia atakayerusha wa kwanza nitampasua mimi. Wakaangusha mawe, wakaenda zao wakinung'unika.

Nilirudi nyumbani, nikapata vidonge vya mavi kwa kizimba, vidogo, vikavu: tumbo limeanza kazi tena. Kamau, nilikaa chini nikalia kwa furaha ya mavi. Ungenicheka hadi leo.

Jioni ile Baba Sharon alikuja akasema Jumatatu ataenda mwenyewe polisi, aseme yote, na awataje wengine. Asipoenda, nitamburuta. Vioo vya dirisha letu hao wengine walishavunja kwa sababu ya hayo maneno. Wacha wavunje.

Lala, wa maitu. Nakuahidi Naserian atakula nyasi yake kila siku, na embe mara moja moja, saizi ya ukucha. Nakuahidi pia ile nduru haitatoka kwa mdomo wangu. Lakini usidhani nimesamehe mtu. Nyundo yako iko nyuma ya mlango, mahali uliiacha. Hasira nimeonja tu, vile ulinifundisha. Sijashiba.

Dadako,
Wambui