Rili Iliyopimwa Nyansiongo

Leicester, Uingereza
6 Februari 2024

Kwa Shangazi Tryphosa,

Habari za Nyansiongo? Miguu ya mumeo, Mzee Mose, inaendeleaje, na ng'ombe wanatoa maziwa? Mimi mzima, ila baridi ya huku inaniuma hadi kwenye meno.

Ndugu yangu Ishan atakuletea kijisanduku kutoka dukani kwetu Kisii. Ndani mna rili, lile gurudumu la kuzungushia mshipi, ambayo kampuni yangu itaanza kuuza mwezi wa sita. Bei yake inanunua ng'ombe wa gredi, kwa hiyo usiiache jikoni. Nimewaambia wakubwa kwamba namjua mwanamke aliyewaongoza wavuvi wa trauti, wale samaki wa mito ya baridi, kwa miaka thelathini, aliyemfundisha hata marehemu baba yangu Bipin kurusha mshipi. Wanataka uipime na uandike unavyoiona. Maneno yako yatatiwa kwenye katalogi pamoja na picha yako. Wakiridhika, watanunua chambo chenu chote, wale inzi wa manyoya ambao wewe na wanawake wenzako mnafunga kwenye ndoana. Wote, Shangazi, mwaka mzima!

Andika kwa mkono, Ishan ataipiga picha barua yako na kunitumia.

Mwanao,
Nayna


Nyansiongo
10 Machi 2024

Mwanangu Nayna,

Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Mzee Mose anatembea kwa mkongojo na kulalamika bila mkongojo. Wewe vaa soksi mbili.

Rili nimeipata. Ni nzuri, kwa nini nikatae? Ni nyepesi, inakaa mkononi vizuri, haina kelele za kujionyesha. Siku ya kwanza sikwenda mtoni. Nilifunga mshipi kwenye kamba ya shingoni mwa ndama, Mose akampiga kofi, ndama akateremka malishoni mkia juu. Breki ikaachia mshipi polepole bila kushtuka hata mara moja. Nilicheka peke yangu. Ndivyo nimepima rili tangu ujana, maana trauti huja anapotaka lakini ndama yupo kila siku.

Kisha mvua ikanyesha, mto ukawa mwekundu kwa udongo wa mashamba. Niliiweka rili ukingoni kwenye matope, kama kila mvuvi anavyofanya, nikaisuuza, nikaendelea. Trauti mkubwa akashika. Breki ikakwama, ikaachia, ikakwama tena, uzi ukakatika. Nilirudia siku tatu. Samaki watatu wamekwenda zao na inzi waliofungwa na jirani yangu Bathsheba, na Bathsheba hajafurahi.

Basi chapa hivi: "Breki yake ni laini kuliko zote nilizowahi kushika, mpaka iingie matope, ikiingia matope haifai." Usiongeze, usipunguze.

Shangazi yako,
Tryphosa


Leicester
2 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Natumai barua hii inawakuta salama. Mimi siumwi, ila usingizi umenipungua.

Mafundi wetu wameitazama picha ya rili ambayo Ishan aliituma pamoja na barua yako. Wanasema inang'aa mafuta. Je, uliipaka kitu? Rili hii imezibwa kiwandani, haitakiwi kupakwa mafuta yoyote. Wanasema ulichopima si rili yao, ni mafuta yako, na walicheka sana kikaoni. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Nimewabembeleza, wametuma nyingine. Ipime, kisha niandikie upya, na tafadhali lile neno matope liache. Wanawake wanaingoja kazi hii, nami nimeshaahidi.

Mwanao,
Nayna


Nyansiongo
28 Aprili 2024

Mwanangu Nayna,

Pole kwa usingizi. Huku chai imekubali mvua na sote tu wazima.

Nimekosea, na nakiri bila kuzungukazunguka. Niliipaka mafuta ya kukamulia, yale ninayopaka chuchu za ng'ombe. Rili zote zilizopita mikononi mwangu nimezipaka hayo, na hakuna iliyowahi kunishtaki. Waambie mafundi Tryphosa ameomba radhi. Wakimaliza kucheka, wasome na haya yanayofuata.

Hii ya pili sikuipaka kitu. Niliwachukua Bathsheba na Linet, yule mdogo wetu katika kazi ya inzi, wawe mashahidi. Tumekwenda siku sita, Sabato tukapumzika. Matope yanaingia kwenye mshono ulio chini ya kishikio, na breki inakwama vilevile. Sasa watasema ni mafuta ya nani?

Bathsheba aliniambia, "Andika tu wanachotaka, wewe! Watoto wetu watakula matope?" Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu ana haki ya kuuliza. Lakini mgeni akisimama katika maji yetu na rili hiyo, akapoteza samaki wa maisha yake, hatamtazama mtu wa Leicester. Atanitazama mimi. Wageni huja hapa kwa sababu nikisema jambo, liko hivyo. Jina langu siliuzi, na neno langu ni lile la mwezi wa tatu.

Shangazi yako,
Tryphosa


Nyansiongo
30 Juni 2024

Nayna,

Hujambo? Miezi miwili sijapata hata mstari.

Linet amenionyesha katalogi kwenye simu yake. Nimeiona sura yangu na kofia yangu ya mtoni. Chini yake pameandikwa: "Breki yake ni laini kuliko zote nilizowahi kushika." Halafu nukta. Nusu ya pili iko wapi?

Siku hiyohiyo Ishan alileta oda ya inzi ya mwaka mzima. Wanawake walipiga vigelegele hadi kuku wakakimbia. Niliwanyamazisha, nikawasomea nilichoandika na mlichochapa. Oda nimeirudisha, na rili zote mbili pia. Bathsheba hasemi nami, na wengine wawili wamehama barazani kwangu tunapofungia inzi. Na wahame. Sitafunga hata unyoya mmoja kulipia uongo wenye sura yangu.

Nakuuliza mara moja tu, sitarudia. Nani aliikata sentensi yangu?

Tryphosa


Leicester
9 Julai 2024

Shangazi,

Sijui nikusalimu vipi, lakini shikamoo.

Ni mimi. Wakubwa walisema tuiondoe sentensi yote au tutafute kitu kifupi. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikaa mbele ya kompyuta, nikafuta kuanzia "mpaka", nikaweka nukta. Nilijiambia ni kwa ajili ya wanawake wako. Ilikuwa pia kwa ajili ya kiti changu hapa kazini, na sijui kipi kilitangulia. Baadaye kila nilipotaka kukuandikia niliona aibu.

Nisamehe.

Nayna


Nyansiongo
21 Julai 2024

Mwanangu Nayna,

Shikamoo yako nimeipokea. Marahaba.

Nimekasirika, na hasira bado ninayo. Ungesema ni wakubwa, ningeamini, nawe unajua ningeamini. Hukusema hivyo, ndiyo maana bado nakuita mwanangu.

Sasa sikiliza. Kwanza, chapeni sentensi yangu nzima au mwondoe picha yangu. Wakikataa, kila mvuvi atakayekanyaga mto huu atasikia kutoka kinywani mwangu, na wavuvi wanapenda kusema kuliko kuvua.

Pili, njoo. Usimtume Ishan, usitume barua. Wanawake nitawaita wote, hata waliohama. Simama mbele yao uwaambie kwa kinywa chako kwa nini mwaka huu hawana kazi. Bathsheba atakufokea, mwache afoke. Linet huenda asikupe mkono. Mimi nitakaa kando yako tangu mwanzo hadi mwisho, na sitakusemea hata neno moja.

Jumamosi tuko kanisani. Njoo Jumapili.

Shangazi yako,
Tryphosa